Mchawi wa farasi: kufuga farasi na punda kati ya Sumbawanga na Kipili

Ukitoka Sumbawanga mjini kwenda Kipili unapita Namanyere, kisha barabara inaanza kuteremka kuelekea ziwani. Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Maji ya Ziwa Tanganyika yako mita 770 na ushei. Kwa abiria, mita elfu moja hizo ni sweta analolivua njiani. Kwa farasi zinaweza kuwa uhai wake, na kwa punda ni tofauti ya mwaka mzuri na mwaka wa taabu.

Farasi ni wachache Rukwa. Punda nao si wengi kama walivyo Dodoma, Singida au Manyara, kwa sababu hapa Ufipa kazi ya kuvuta plau na mkokoteni ni ya maksai. Ndiyo maana ujuzi wa wanyama hawa wawili haukurithiwa kwa babu, na anayempata farasi au punda humfuga kama ng'ombe asiye na pembe: kamba ileile, josho lilelile, pumba zilezile, dawa ileile ya dukani. Mengi ninayoyaandika hapa yanahusu gharama ya kosa hilo.

Jina la Sumbawanga wengi hulifasiri kuwa "tupa uchawi". Mnyama wa thamani akikutwa amekufa alfajiri, povu limejaa puani, na jana jioni alikuwa anakula majani, maneno huanza kabla mzoga haujapoa. Si sisi peke yetu. Miaka ya 1571 na 1572 jeshi la Wareno chini ya Francisco Barreto lilipiga kambi Sena, kwenye Mto Zambezi, likiwa na farasi wake. Farasi wakaanza kufa, askari nao wakafuata. Wareno wakawashutumu Waislamu wa pale, wafanyabiashara wa Kiswahili, kwamba wamewalisha farasi sumu, wakawaua. Leo tunajua kuwa bonde lile lilikuwa nchi ya mbung'o na homa, nchi ambayo farasi mgeni hufa bila kusaidiwa na mtu.

Kwa hiyo kabla hujamtaja jirani, jiulize mambo matatu: mnyama aliingizwa bandani saa ngapi, alilishwa nini, na uzio umetengenezwa kwa kitu gani.

Saa ya usubi

Muuaji mkubwa wa farasi barani kwetu anaitwa ugonjwa wa farasi wa Afrika. Unasababishwa na virusi, na unaenezwa na usubi, kadudu ka milimita moja hadi tatu ambako wengi hawakaoni mpaka kameshauma. Usubi hutoka jua likikaribia kuzama na huendelea kunyonya damu mpaka kupambazuke vizuri. Farasi asiye na kinga akipatwa na aina kali ya ugonjwa huu, uwezekano wa kufa ni hadi tisa katika kumi. Nyumbu wa kufugwa, yaani mtoto wa punda na farasi, ana nafuu kidogo. Punda wa Afrika mara nyingi hupata homa tu akapona. Pundamilia haugui, ila hubeba virusi damuni, na Hifadhi ya Katavi yenye pundamilia wake iko kaskazini mwetu tu. Tiba hakuna.

Dalili moja nataka uijue kwa kidole chako mwenyewe. Juu ya kila jicho la farasi kuna kishimo. Simama ubavuni mwa kichwa chake asubuhi akiwa mzima, weka kidole gumba pale: kinaingia kidogo, na akitafuna utahisi pakicheza. Fanya hivyo kila siku mpaka mkono uzoee. Siku utakayokuta kishimo kimejaa, pamevimba kama aliyeumwa na nyuki, na kope zimevimba pia, usisubiri jioni. Huo ni moyo unashindwa kazi, na maji yanavuja chini ya ngozi. Aina nyingine hushika mapafu: farasi anahema kwa nguvu, pua zimepanuka, jasho linamtiririka, povu jeupe linatoka puani, na ndani ya saa chache ameanguka. Huyo ndiye anayekutwa alfajiri na kuzua maneno ya wanga.

Kinga kubwa ni saa. Huku magharibi jua huzama karibu saa moja jioni, tofauti na Dar es Salaam, basi usifuate saa ya kitabu cha mtu wa pwani. Farasi awe ndani ya banda saa kumi na moja jioni, na asitoke mpaka saa tatu asubuhi. Banda liwe na kuta na paa, madirisha yazibwe kwa neti nzito ya kivuli, ile ya vitalu vya miche, ipuliziwe dawa ya kuua wadudu. Chandarua cha kawaida hakitoshi, kwa kuwa usubi hupenya tundu lake; na hata kingetosha, cha mama mjamzito kiache kitandani kwake. Hatari kwa kawaida hupanda mvua zikiwa zimekolea hadi zinapoishia, yaani kuanzia Februari mpaka Aprili au Mei. Anayeweza kupanga ununuzi wake amlete farasi Juni, ili apate miezi kadhaa ya ukavu na baridi kabla ya mtihani.

Mahali pa boma pana uzito uleule. Usubi ni dhaifu wa kuruka. Upepo wa wastani unamshinda. Kipili kuna upepo wa ziwa, na boma lililo juu ya kilima kinachopigwa na upepo huo ni salama kuliko lililo bondeni karibu na mto, hata kama bondeni majani ni mazuri zaidi. Wadudu hawa huzaliana kwenye tope lenye samadi. Hori la maji linalovuja, likakanyagwa na kwato na kuchanganyika na mavi, ni shamba la usubi ulilolilima mwenyewe mita tano kutoka kwa farasi wako. Mwaga kokoto pale, chimba mfereji, ziba ufa.

Wa Sumbawanga asijione amepona kwa sababu ya baridi. Baridi ya Juni na Julai huwapunguza sana wadudu hawa, lakini kuna jamii ya usubi anayezaliana ndani ya mavi ya ng'ombe na kustahimili nchi za milimani. Zizi la ng'ombe na banda la farasi visishirikiane ukuta.

Moshi je? Wafugaji wengi hukoka mavi makavu jioni, na kweli wadudu hupungua. Moto uwe nje, upande wa upepo, moshi upite tu. Kumfungia farasi ndani ya banda lililojaa moshi ni kumkinga na mdudu kwa kumharibia mapafu.

Chanjo ipo, ya virusi hai vilivyodhoofishwa, inayotengenezwa Onderstepoort, Afrika Kusini. Huingizwa kwa kibali na hudungwa na daktari wa mifugo. Kichupa kilichosafiri kwenye begi la mtu kutoka Tunduma bila barafu usikipokee hata kwa bure.

Mchana ni zamu ya mbung'o

Usubi akilala, mbung'o anaamka. Wengine humwita ndorobo. Anapenda kivuli cha miombo, na miombo ndiyo inayofunika mteremko mwingi kati ya uwanda wa Ufipa na ziwa. Hofu ya mdudu huyu kwa wanyama wa mizigo ni ya zamani kiasi kwamba mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Ubelgiji aligharamia tembo wanne wa India washushwe Msasani, karibu na Dar es Salaam, watembee hadi Karema, upande wa kaskazini wa ufuo huuhuu wetu, kuona kama tembo ataweza palipowashinda farasi na ng'ombe. Tembo nao walikufa mmoja baada ya mwingine, sehemu kubwa kwa kazi na njaa.

Farasi aliyeambukizwa nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, huwa na homa inayokuja na kuondoka. Anakonda ingawa anakula, ufizi unapauka, miguu na sehemu ya chini ya tumbo vinavimba. Punda huvumilia muda mrefu zaidi, na uvumilivu huo humponza, maana mwenye punda huona "amechoka" kwa miezi miwili. Boma lako liwe mahali peupe, vichaka vifyekwe pande zote, na njia ya kwenda kuchota maji isikatize msituni. Mbung'o huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi. Ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa hivyo. Blanketi la buluu mgongoni mwa punda ni mwaliko.

Kuhusu rangi kuna jambo linalofurahisha. Mtafiti Tim Caro, ambaye kwa miaka mingi alifanya kazi zake Katavi, na wenzake walichapisha mwaka 2019 utafiti uliofanyika Uingereza: farasi waliovishwa kitambaa cha milia ya pundamilia walituliwa na pange wachache sana kuliko wale waliovishwa kitambaa cheusi au cheupe. Pange walikuja karibu, wakashindwa kutua. Fundi cherehani yeyote wa Namanyere anaweza kushona kitambaa hicho. Watu watacheka siku mbili.

Onyo moja la dawa. Sindano za ndorobo ambazo wafugaji huwadunga ng'ombe wao wenyewe ni kali kwa jamii ya farasi. Nafasi kati ya kipimo kinachotibu na kinachoua ni nyembamba. Ng'ombe hukadiriwa kwa macho na mara nyingi anapona. Farasi na punda wapimwe uzito kwa utepe, na sindano ishikwe na daktari.

Uzio, msumari na pepopunda

Ng'ombe akikwama kwenye seng'enge husimama. Farasi hukimbia, na waya unaingia mpaka mfupani. Uzio wake mzuri ni mbao au fito za mkaratusi zilizolala, tatu au nne, wa juu ukifika mita moja na robo hadi moja na nusu, zimepigiliwa upande wa ndani ili akiegemea zisichomoke. Pembe za boma zizungushwe kidogo, mnyama mnyonge asibanwe na mwenye ubabe. Kama huna uwezo ila wa waya, weka waya laini usio na miba, na ufunge vitambaa vyeupe kila hatua mbili auone.

Ua wa mnyaa unapendwa kwa sababu hauliwi na mbuzi. Utomvu wake huunguza jicho la mnyama na la binadamu. Katani nayo ina ncha ya kutoboa jicho. Na ufuoni Kipili kuna jambo ambalo wa bara hawalijui: nyavu chakavu za dagaa zilizotundikwa kuziba mapengo ya uzio. Kwato ya punda ikinasa humo usiku, asubuhi utakuta mguu umekatwa na nailoni kama kwa kisu. Kusanya nyavu, kamba na ndoano zote ndani ya boma na nje yake, pamoja na vipande vya plastiki, maana punda huvila na vikaziba utumbo.

Kisha misumari. Kiswahili kiliupa ugonjwa wa tetanasi jina la pepopunda, na waliolitunga walikuwa watu wenye macho. Katika wanyama wa kufugwa, jamii ya farasi na punda ndiyo inayodhurika kirahisi kuliko wote na sumu ya vijidudu hivyo, na vijidudu vyenyewe hukaa udongoni na kwenye mavi yao. Tundu dogo la msumari chini ya kwato, lililoziba likaonekana limepona, linatosha. Siku kadhaa baadaye mnyama anatembea kama meza: miguu migumu, masikio yamesimama, mkia umeinuka, taya haifunguki. Ukipiga makofi karibu na kichwa chake, ngozi nyeupe ya ndani ya jicho inaruka na kufunika mboni. Ukiona hivyo, mweke gizani na kimya, umwite daktari, ingawa wengi hawaponi. Chanjo ni sindano mbili zikipishana wiki nne hadi sita, kisha za kurudia kwa ratiba ya daktari. Na wewe unayezoa mavi hayo kwa miguu mitupu, ya kwako ulichoma lini?

Gunia la mahindi

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa Rukwa ni mkoa wa mahindi na desturi ya kila nyumba ni ileile: yanayotufaa tunakula au tunauza, yaliyooza anapewa mnyama.

Mahindi yaliyonyeshewa au kuvunwa mabichi huota kuvu aina ya Fusariamu, nyeupe au ya waridi, mara nyingi tangu yangali shambani. Kuvu hii hutoa sumukuvu iitwayo fumonisini, iliyotambuliwa na watafiti wa Afrika Kusini mwaka 1988. Ng'ombe huivumilia kwa kiasi kikubwa. Farasi na punda hawaivumilii: sehemu nyeupe ya ubongo wao hulainika na kuyeyuka. Siku chache au wiki chache za kula zinatosha. Mnyama anaanza kuzubaa. Mdomo wa chini unaning'inia na chakula kinadondoka. Anazunguka upande mmoja, usiku mzima, duara lilelile. Anasukuma ukuta kwa paji la uso, haoni, anatetemeka, na ndani ya siku moja hadi tatu amekufa. Dawa haipo. Nani atakayemtazama farasi anayezunguka peke yake gizani na kusukuma ukuta kwa kichwa, asiseme amerogwa? Aliyemroga ni gunia.

Sumu haikai sawasawa ndani ya gunia. Chenga, punje zilizovunjika na vumbi la kupepeta ndivyo vinavyobeba nyingi zaidi. Pumba za mashineni nazo hubeba kuliko unga wa sembe. Kwa maneno mengine, kile hasa tunachompa mnyama ndicho chenye sumu. Wala macho hayatoshi, kwani punje inaweza kuonekana safi na isiwe safi. Ushauri wangu ni mkali kidogo: usimpe farasi wala punda mahindi kabisa, isipokuwa umeyakausha mwenyewe vizuri, umeyachambua, na umeyahifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa, hata hapo mpe konzi chache tu. Akitoboa ghala akala debe zima utapata msiba mwingine: msokoto wa tumbo, au kwato kuvimba kwa ndani mpaka asiweze kusimama. Farasi hawezi kutapika. Kilichoingia lazima kipite njia yote.

Chakula chao ni majani, basi. Farasi wa kilo 400 anahitaji kilo sita hadi kumi za majani makavu kwa siku, akila kidogo kidogo mchana na usiku. Punda wa kilo 150 anatosheka na kilo mbili hadi mbili na nusu au zaidi kidogo, tena anafaa kwa mabua: makapi ya ngano na ya ulezi wa Ufipa, yakiwa makavu na yasiyo na harufu ya uvundo, ni chakula chake kabisa. Punda mnene si fahari. Na punda mnene anayeacha kula ghafla, mafuta hufurika damuni na kumuua. Yeye ni wa dharura.

Yafuatayo yasifike kinywani wala mwilini mwao. Chakula cha kuku wa nyama, kwa sababu baadhi huchanganywa monensini, dawa ya kuku ambayo kiasi kidogo tu husimamisha moyo wa farasi. Dawa ya kupe yenye amitrazi, inayotumika sana kuogeshea ng'ombe, kwani hulaza utumbo wa farasi na kuuziba. Soma kibandiko cha chupa kabla hujamwogesha, au waondoe kupe kwa mkono. Mbegu za mbarika. Majani ya mparachichi, na sasa mashamba yake yanaongezeka nyanda hizi. Lantana ya maua. Mnanaha, ule wenye ua jeupe kama tarumbeta na tunda la miiba, ambao huvunwa pamoja na mabua bila mtu kuona. Baadhi ya jamii za marejea huharibu ini polepole. Mnyama mwenye majani ya kutosha huipita mimea hii. Mwenye njaa, Septemba na Oktoba nchi ikiwa imekauka, huila.

Mchanga wa Kipili

Farasi mmoja hunywa lita 25 hadi 50 kwa siku, punda lita 10 hadi 25, na joto la ziwani huzidisha. Ziwa liko pale, kishawishi ni kumpeleka akanywe mwenyewe. Ziwa Tanganyika lina mamba. Chota kwa ndoo, upeleke horini.

Ufuo una hatari nyingine isiyo na meno. Mnyama anayelishwa juu ya mchanga, au anayeng'oa majani mafupi pamoja na mizizi, humeza mchanga kila siku, nao hutulia kwenye utumbo mkubwa kama shehena chini ya mtumbwi. Huu hapa mtihani usiogharimu kitu. Okota vinyesi sita vya asubuhi, vya juu, visivyogusa ardhi. Vitie kwenye chupa kubwa ya maji iliyokatwa shingo, jaza maji safi, vivuruge kwa kijiti mpaka vivunjike, kisha acha dakika kumi na tano. Mimina taratibu yale ya juu. Tia kidole chini. Ukihisi utelezi wa majani tu, vizuri. Ukihisi mchanga unakwaruza, na ukaujaza kijiko cha chai au zaidi, mnyama ana mzigo tumboni. Anza siku hiyohiyo kumlishia ndani ya hori au juu ya turubai, umzidishie majani makavu, kwani hayo husukuma mchanga. Rudia baada ya wiki mbili.

Vinyesi vyenyewe vizolewe boma zima angalau mara mbili kwa wiki, kabla mayai ya minyoo hayajaanguliwa na viwavi wake hawajapanda kwenye majani. Rundika mbali, chungu kipate joto. Kwa Mfipa anayelima kwa ntumba, yaani matuta ya mboji, samadi hiyo iliyoiva ina mahali pake pa kwenda. Ng'ombe na farasi wakipishana malishoni minyoo hupungua, kwa kuwa wengi wa mmoja hawamfai mwingine. Punda na farasi hawapishani hivyo, tena punda anaweza kumwambukiza farasi minyoo ya mapafu huku yeye hakohoi.

Kwato ziinuliwe zitazamwe kila siku, zisafishwe kwa kijiti butu kutoka kisigino kuelekea mbele, zikatwe kila wiki sita hadi nane. Masika, ufa wa katikati ukitoa maji meusi yenye harufu ya kitu kilichooza, tatizo ni sakafu: mwaga kokoto, aondoke topeni. Manyoya ya punda hayazuii mvua kama ya farasi, hivyo Sumbawanga Januari anahitaji paa kuliko anavyohitaji nyasi. Usimwache akajikinge chini ya mti uliosimama peke yake. Rukwa tunaijua radi yetu. Usimfuge peke yake pia, hasa punda, ambaye akifiwa na mwenzake anaweza kugoma kula.

Kabla hujapiga simu

Farasi akiumwa tumbo utajua: anajitupa chini, anajigaragaza, anageuka kutazama ubavu. Punda hafanyi hivyo. Husemwa punda afe mzigo ufike, na yeye kana kwamba ameusikia msemo huo, huumwa kimya. Anasimama, kichwa chini, masikio yamelala, anajifanya anatafuna na mdomoni hamna kitu. Punda aliyepoa namna hiyo ni mgonjwa sana tayari.

Mpigie afisa mifugo wa kata au daktari wa wilaya mapema, ukiwa na majibu mkononi. Joto la njia ya haja kubwa: farasi mzima ana 37.5 hadi 38.5, punda ni karibu 37 tu, kwa hiyo 38.5 kwa punda ni homa. Mapigo ya moyo chini ya taya, kwa dakika: farasi 28 hadi 44, punda karibu 44. Bonyeza ufizi mpaka uwe mweupe, uachie: wekundu urudi kabla ya sekunde mbili. Tega sikio ubavuni, kiuno kinapoanza, pande zote mbili: tumbo la mzima hunguruma, la mgonjwa huwa kimya. Ikiwa anatokwa mate, amepotewa na akili au anashindwa kumeza, usiingize mkono kinywani. Kichaa cha mbwa humpata naye. Akifa ghafla na damu nyeusi isiyoganda ikatoka puani au nyuma, usimpasue wala usigawe nyama, maana hiyo inaweza kuwa kimeta. Funika mzoga, zuia mbwa, subiri mtaalamu.

"Shikamoo daktari. Nipo Kipili, nina farasi jike, ana joto 40 tangu alfajiri, anahema sana, juu ya macho pamevimba. Jana aliingia bandani saa mbili usiku." Ukisema hivyo umempa nusu ya uchunguzi kabla hajawasha pikipiki. Asipouliza kuhusu chakula, mwambie mwenyewe gunia lilifunguliwa lini, na umwekee konzi moja ya mahindi hayo kwenye bahasha.